Simulesheni pepe katika mafunzo endelevu ya wauguzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wauguzi na wakunga walio kazini, wasimamizi wa wodi, na wale wanaopanga mafunzo endelevu ya kitaaluma (CPD) hospitalini na kwenye vituo vya afya. Maswali ni yale yanayojirudia kila simulesheni pepe inapoletwa mahali kwa mara ya kwanza.

Simulesheni pepe ni kitu gani hasa?

Ni zoezi la kumhudumia mgonjwa wa kuigizwa ndani ya kompyuta, simujanja, kishikwambi au miwani ya uhalisia pepe. Mama amejifungua dakika kumi zilizopita, shuka limelowa damu, mapigo ya moyo yanapanda. Programu inakusubiri wewe. Utaita msaada kwanza? Utakanda mfuko wa uzazi? Utampa dawa gani, kiasi gani, kwa njia ipi? Ukichelewa, hali ya mama inabadilika mbele yako. Ukikosea dozi, unaona matokeo yake. Mwishoni unaelezwa ulichofanya, ulichoruka na ulichochelewesha.

Video ya mhadhara si simulesheni. Slaidi zenye maswali ya kuchagua jibu si simulesheni pia, hata zikiwekwa kwenye tovuti yenye mapambo mengi. Kwenye simulesheni, uamuzi wako ndio unaosukuma kisa mbele. Nalisisitiza hili kwa sababu wauguzi wengi wanaosema "nilijaribu ile ya mtandaoni, haikunisaidia kitu", ukiwauliza vizuri unagundua walipewa slaidi.

Ni jambo jipya?

Kuigiza huduma si jambo jipya hata kidogo. Mwaka 1911 shule ya uuguzi ya Hartford Hospital huko Marekani ilianza kutumia mdoli wa ukubwa wa mtu mzima, maarufu kwa jina la Mrs. Chase, ili wanafunzi wajifunze kumgeuza, kumvisha na kumhamisha mgonjwa. Mwaka 1960 Åsmund Lærdal wa Norway alitoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia kuokoa maisha ambao wauguzi wa dunia nzima wamepiga magoti mbele yake. Kilicho kipya ni kwamba zoezi limeingia kwenye simu, kwa hiyo halihitaji tena chumba, mdoli wala mkufunzi aliyesafiri kutoka mjini. Machi 2020, corona ilipofunga milango ya wodi kwa wanafunzi, vyama viwili vya kimataifa vya simulesheni, INACSL na SSH, vilitoa tamko la pamoja kuunga mkono simulesheni pepe itumike badala ya saa za mazoezi ya kliniki wakati wa dharura ile. Wengi waliofundishwa hivyo sasa wana leseni na wanahudumia wagonjwa.

Kuna ushahidi kwamba inafundisha?

Upo. Mapitio yaliyoongozwa na Cynthia Foronda na kuchapishwa mwaka 2020 yalikusanya tafiti 80 za simulesheni pepe katika elimu ya uuguzi, za kuanzia 1996 hadi 2018. Asilimia 86 ya tafiti hizo zilionyesha kuwa njia hii inaleta matokeo mazuri ya kujifunza.

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana, ule wa baraza la kitaifa la uuguzi la Marekani, NCSBN, uliochapishwa mwaka 2014. Ulionyesha kwamba hadi nusu ya saa za mazoezi ya kliniki za wanafunzi zinaweza kubadilishwa kwa simulesheni bora bila wahitimu kupungukiwa. Utafiti ule haukuwa wa programu za simu. Ulikuwa wa wanafunzi walio vyuoni, wenye maabara nzuri, wakufunzi waliofunzwa na majadiliano baada ya kila zoezi. Anayeutumia kukuuzia programu ya kutumiwa na muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku anauvuta mbali kuliko unakofika.

Watafiti wanaposema wauguzi "wameikubali", wanapima nini?

Wengi huanzia kwa mtafiti Fred Davis, ambaye mwaka 1989 alieleza kwamba mtu huikubali teknolojia kwa kuangalia mambo mawili: itanisaidia katika kazi yangu? Na je, inatumika bila taabu? Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis mwenyewe akiwemo, walipanua mtazamo huo na kuongeza mambo mawili mengine ambayo kwa wodi zetu ni mazito kuliko yale ya kwanza: watu ninaowaheshimu wananitarajia niitumie? Na mazingira ninayofanyia kazi yananiwezesha?

Chukua haya manne uyapeleke leba saa nane usiku. Faida: kisa kinafanana na akina mama ninaowapokea, au kinamzungumzia mgonjwa aliyezungukwa na mashine ambazo sijawahi kuziona? Urahisi: programu inafunguka kwenye simu yangu hii, au inadai simu mpya? Watu: matroni ameipitia mwenyewe, au ametuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp na kusema "kila mtu amalize kufikia Ijumaa"? Mazingira: kuna umeme, kuna bando, kuna dakika ishirini ambazo hakuna atakayeniita?

Kwa maoni yangu, hapa ndipo mazungumzo mengi juu ya kukubali yanapopotea. Tunawahoji wauguzi kuhusu mioyo yao, "una mtazamo gani juu ya teknolojia?", wakati kinachowazuia kiko kwenye ratiba ya zamu na kwenye salio la simu. Muuguzi akiiacha programu katikati, kwanza ichunguzwe programu na mazingira yaliyoizunguka. Yeye afuate baadaye.

Mbona wauguzi wazoefu ndio husitasita zaidi?

Sababu ni nyingi, na nyingine ni za haki kabisa.

Ya kwanza ni heshima. Sista aliyezalisha akina mama miaka mingi anaketi mbele ya skrini, anabonyeza mahali pasipo sahihi kwa sababu hajauzoea mpangilio wake, na programu inamwandikia kwamba mgonjwa amefariki. Hakukosea uuguzi, alikosea kitufe. Lakini matokeo yanasomeka "umeshindwa", na pembeni yake kaketi mhitimu wa mwaka jana. Hapo unategemea arudi kesho? Kila zoezi linahitaji kipindi cha kuzoea vitufe ambacho hakina alama, na mtu wa kumwelekeza kabla hajaanza kisa chenyewe. Wataalamu wa simulesheni wanalihesabu hili kuwa sehemu ya zoezi, na bado ndiyo sehemu inayorukwa kwanza muda unapobana.

Ya pili ni visa vilivyoazimwa. Programu nyingi zimetungwa Marekani na Ulaya. Mgonjwa ana jina la kigeni, daktari anafika mara tu anapoitwa, damu inaletwa, kipimo kinarudi papo hapo. Muuguzi wa zahanati yuko peke yake na msaidizi wa afya, gari la wagonjwa liko wilayani, na mume wa mgonjwa yuko nje anauliza nini kinaendelea. Ustadi anaouhitaji ni wa kuamua lini aanze rufaa, amtume nani, na afanye nini njiani. Kisa kisichomuuliza hayo hakimhusu, na kukikataa kwake ni akili timamu.

Ya tatu ni lugha. Wauguzi wetu wamesomeshwa kwa Kiingereza, lakini kusoma aya ndefu za Kiingereza chini ya saa inayohesabu sekunde ni jambo jingine. Programu inayopima kasi inaweza ikawa inapima usomaji badala ya uamuzi wa kiuguzi. Pale ambapo mazungumzo ya mgonjwa na ndugu zake yamewekwa kwa Kiswahili, zoezi linaingia kwenye hali halisi, maana ndivyo wanavyozungumza wodini.

Ya nne haisemwi waziwazi: wengine wanaogopa kwamba mafunzo ya simu yatafuta semina, na semina ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya kutoka kituoni, kukutana na wenzao na kupata posho kidogo. Ni hofu inayostahili kujibiwa kwa ukweli. Kama mpango wa hospitali ni kupunguza gharama za semina, wauguzi waambiwe, na sehemu ya fedha iliyookolewa ionekane ikirudi kwao kama bando, vifaa au muda wa kujifunza.

Ni kweli kwamba umri ndio kikwazo?

Si kweli. Mwaka 2005 shirika la afya la AMREF, pamoja na Baraza la Uuguzi la Kenya na Wizara ya Afya, ilianzisha mpango wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti wapatao 22,000 hadi stashahada kwa kujifunza kwa njia ya kielektroniki. Wanafunzi wake walikuwa watu walio kazini, wengi wakiwa na familia. Waliingia kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na cheti kinachotambulika na ngazi ya kupanda. Faida ikiwa wazi, kompyuta hujifunzwa.

Afrika Mashariki tumewahi kujaribu hizi za kidijitali?

Ndiyo, na kwa mambo yetu wenyewe. LIFE ni programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na watafiti wa mpango wa utafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust wa Kenya. Unaingia kwenye hospitali ya kuchorwa, unamkuta mtoto mchanga asiyepumua, unatafuta vifaa na kufuata hatua moja baada ya nyingine huku programu ikikurekebisha. Kuna pia eHBB, iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani, ambayo ilichukua Helping Babies Breathe, mafunzo ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua, na kuyaweka kwenye uhalisia pepe kwa kutumia simu inayopachikwa ndani ya miwani ya bei nafuu. Ilijaribiwa na wauguzi na wakunga wa Kenya na Nigeria.

Lakini somo kubwa kuliko yote kuhusu simulesheni katika eneo hili limetoka Tanzania, tena kwa mdoli wa kawaida wa plastiki. Anayefikiria kununua miwani aanze kulisoma hilo.

Somo lipi hilo?

Helping Babies Breathe ilizinduliwa mwaka 2010 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Inafundisha kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua ndani ya Dakika ya Dhahabu, yaani dakika ya kwanza. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipokea. Katika hospitali nane zilizofuatiliwa, na matokeo kuchapishwa mwaka 2013, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine, kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, ambao kila mpangaji wa mafunzo angepaswa kuufahamu. Watumishi walipewa kozi ya siku moja. Miezi saba baadaye walipopimwa kwa mdoli, walifanya vizuri kuliko kabla ya kozi. Watafiti walipoangalia walichokuwa wakifanya kwa watoto halisi chumba cha kujifungulia, hakuna kilichobadilika. Ustadi uliishia kwenye mdoli.

Haydom hawakulaumu watumishi wao. Walibadili mpango: mdoli ukawekwa karibu na leba, mazoezi yakawa ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, na marudio ya dakika 40 kila mwezi. Safari hii huduma kwa watoto halisi ilibadilika, na vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mbegu hiyo ilikua ikawa mpango wa Safer Births Bundle of Care, uliotekelezwa katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Vifo vya watoto tumboni karibu na kuzaliwa na ndani ya siku 7 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000, na vifo vya akina mama kutoka 240 hadi karibu 60 kwa kila vizazi 100,000. Wanaoendesha mazoezi kituoni ni watumishi wa kituo hichohicho, wanaojua ambu, yaani mfuko wa kumpumulisha mtoto, iko kabati gani na nani ana zamu.

Yote haya yanaihusu simulesheni pepe moja kwa moja. Kilichofanya kazi ni marudio mafupi, mahali pa kazi, yakisimamiwa na mwenzako. Simu ina uwezo wa kutimiza mambo hayo matatu, lakini haitimizi kwa kuwa simu tu. Programu unayoifungua mara moja kwa mwaka ili upate cheti ni kozi ya siku moja ya Haydom kwa sura nyingine.

Je, simu inaweza kunifundisha kubana ambu?

Hapana. Kushika barakoa ikaziba vizuri usoni mwa mtoto, kuhisi kifua kikipanda, kubana kwa kasi ya pumzi 40 kwa dakika, haya hufundishwa na mikono ikiwa kwenye mdoli. Hali ni hiyohiyo kwa kuweka kanula, kukanda mfuko wa uzazi na kushona.

Simulesheni pepe ina nguvu kwenye kazi ya kichwa: kutambua dalili mapema, kupanga kipi kitangulie, kukokotoa dozi, kuzungumza na ndugu, kuamua rufaa. Ina nguvu pia mwongozo unapobadilika. Chukua mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza apewe pia asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutoka damu, gramu 1 kwenye mshipa, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: kupima damu kwa shuka maalumu lenye vipimo na kutoa matibabu yote ya mwanzo kwa mkupuo, badala ya kujaribu moja na kusubiri, kulipunguza matokeo mabaya kwa asilimia 60. Muuguzi aliyehitimu kabla ya hapo alifundishwa kukadiria damu kwa macho. Kisa kizuri kwenye simu kinamfanya auvunje ule mkadirio wa macho kwa kuuona ukimdanganya, kisha mikono ifuate kwenye mdoli.

Kwa hiyo usitumie fedha za midoli kununua programu. Vinahitajika vyote.

Miwani inanitia kizunguzungu na kichefuchefu. Nina tatizo?

Huna. Macho yanaona mwendo ambao mwili hauuhisi, na baadhi ya watu hulipokea hilo vibaya. Keti, anza kwa dakika chache, ondoa miwani mara unapojisikia vibaya, na usirudi wodini kutoa dawa kabla hakijaisha. Mwenye kifafa asivae bila ushauri wa daktari. Mafunzo yasimlazimishe mtu miwani: kisa kilekile kipatikane kwenye skrini ya kawaida bila kupoteza pointi.

Nitapata pointi za CPD?

Inategemea mtoaji wa mafunzo, na uulize kabla ya kuanza. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na Baraza la Uuguzi la Kenya yote yameunganisha kuhuisha leseni na mafunzo endelevu, lakini pointi hutoka kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Cheti kizuri cha tovuti ya nje kinaweza kisihesabiwe. Ninaamini hakuna kinachoua hamu ya kujifunza kwa haraka kama muuguzi kumaliza saa kadhaa kisha akaambiwa hazimo.

Nani ataona nilivyofanya?

Hili ni swali la haki, na lijibiwe kwa maandishi kabla ya mtu kufungua akaunti. Programu hizi hurekodi kila unachobonyeza: muda uliochukua, dozi uliyokosea, mara ngapi ulirudia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa ajili gani.

Msimamo wangu hauna utata: alama za mazoezi zisiingie kwenye tathmini ya utendaji kazi wala kwenye mjadala wa kupandishwa cheo. Mahali pa kukosea pakigeuzwa kuwa mahali pa kuhukumiwa, watu watafanya wanachofanya sikuzote, yaani kumpa simu mwenzao anayejua majibu. Kama hospitali inahitaji kupima umahiri, ifanye mtihani wa wazi, siku iliyotangazwa, na kuuita mtihani.

Nifanye saa ngapi, na bando ni la nani?

Kama mafunzo ni sharti la kazi, muda wake ni wa kazi na gharama yake ni ya mwajiri. Ninajua hali ilivyo: wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wawili haina saa ya ziada. Lakini kumwambia muuguzi aliyetoka zamu ya usiku afanye zoezi nyumbani, kwa bando lake, watoto wakimsubiri, halafu kulalamika kwamba wauguzi hawaipokei teknolojia, si haki. Visa vya dakika kumi vinaingia kwenye makabidhiano ya zamu. Visa vya saa nzima haviingii popote. Programu inayopakuliwa mara moja kwenye Wi-Fi ya hospitali na kutumika bila mtandao ina nafasi kubwa ya kuishi kuliko ile nzuri zaidi inayodai mtandao muda wote.

Ni lazima kuwe na majadiliano baada ya zoezi? Programu si inatoa majibu yenyewe?

Inatoa, na majibu yake yana kikomo. Programu itakuambia ulichelewa kuita msaada. Haitakuuliza kwa nini. Huenda ulichelewa kwa sababu katika maisha yako ya kazi umezoea kwamba ukiita hakuna anayekuja. Hilo programu haijui.

Watu wanne au watano waketi pamoja, hata kwa robo saa. Aliyefanya zoezi aanze kusema yeye. Aulizwe aliona nini kwanza, akafikiri nini, na kwa nini alichagua hivyo. Asianze kusahihishwa. Kisha liulizwe swali ambalo mimi naliona kuwa ndilo la thamani kuliko yote: kisa hiki kingetokea kwetu leo, nini kingetukwamisha? Hapo ndipo yanatoka mambo ambayo hakuna programu inayoyajua. Funguo za kabati la dharura anazo mtu mmoja na huenda nazo nyumbani. Barakoa ndogo ya mtoto njiti haipo. Namba ya dereva wa gari la wagonjwa imebandikwa ukutani lakini ilishabadilika. Zoezi la dakika kumi kwenye simu likizaa ufunguo wa pili wa kabati, limeshalipa gharama yake, na waliolifanya wataliamini lijalo.

Mwenye kuongoza majadiliano afunzwe kuongoza. Kuwa muuguzi hodari hakutoshi. Hodari wengi wana haraka ya kusema jibu.

Fomu zote zimejazwa "nimeridhika sana". Si dalili kwamba wameikubali?

Ni dalili kwamba watu wetu wana adabu. Fomu inakusanywa na mkufunzi aliyesimama mlangoni, chai imeletwa, nani ataandika vinginevyo? Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, alitenganisha mambo haya tangu 1959: kufurahia mafunzo ni ngazi ya kwanza tu, juu yake kuna kujifunza, kubadili utendaji, na mwisho matokeo kwa anayehudumiwa. Ripoti nyingi za kukubalika kwa simulesheni huishia ngazi ya kwanza.

Ukitaka kujua ukweli, angalia nani alirudia kisa bila kuagizwa. Angalia ni wangapi walianza na hawakumaliza, na waliachia wapi. Mara nyingi wote huachia mahali pamoja, na mahali hapo pana kasoro ya programu. Angalia kama kwenye makabidhiano watu wanakitaja kile kisa. Kisha nenda kwenye rejesta na mafaili: muda wa kuanza dawa umefupika? Partografu, zile chati za kufuatilia uchungu, zinajazwa?

Tunaletewa programu na muuzaji. Tumuulize nini?

Kwanza, visa vimepitiwa na nani, na mwongozo upi wa kitaifa umefuatwa. Mfungulie kisa cha mama anayetoka damu uone kama kinaendana na mwongozo wa sasa. Pili, tunaweza kubadilisha visa? Kisa chenye dawa ambazo hatuna kinafundisha utegemezi wa vitu visivyokuwepo. Tatu, inafanya kazi kwenye simu ya kawaida ya muuguzi, bila mtandao? Nne, leseni ikiisha mwaka ujao na mfadhili akaondoka, nini kitabaki mikononi mwetu? Swali la nne ndilo linalonyamazisha chumba, na ndilo msiloliacha. Kabla ya kusaini, wape wauguzi watatu wa wodi tofauti waijaribu, mmoja wao awe yule asiyependa kompyuta.

Kituo chetu kina kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Tuanze wapi?

Anzeni na tatizo, programu ije baadaye. Chagueni jambo moja ambalo mwaka huu limewasumbua: watoto wasiopumua, kifafa cha mimba, makosa ya dozi kwa watoto, mgonjwa anayezorota usiku bila kugunduliwa. Tafuteni kisa kimoja kinacholigusa, cha bure kama kipo, kinachofunguka kwenye simu. Msimamizi wa wodi akifanye yeye kwanza mbele ya wenzake, akosee mbele yao, na kijadiliwe. Baada ya hapo kiwe mara moja kwa wiki wakati wa makabidhiano, kwa wale wawili au watatu waliopo. Vifaa vya kisa hicho, mdoli au hata taulo lililoviringwa, viwe palepale ili mikono nayo ifanye. Msiweke alama.

Mkifikisha miezi mitatu, angalieni nani anakifungua bila kukumbushwa. Huyo, hata kama ni mdogo kwa cheo, mwombeni awe msimamizi wa zoezi, mumpunguzie jukumu jingine ili apate nafasi, na yeye ndiye achague kisa cha pili.